Umehama Mtandao na Simu Inakataa Laini Mpya? Anza Hapa

Umetoa laini ya zamani, umeweka mpya, unasubiri vile vijiti vya mtandao vipande juu ya kioo. Havipandi. Simu inakuambia laini hii haikubaliki, au inakudai namba ya siri ambayo hujawahi kupewa na mtu. Ukirudisha laini ya zamani, mambo yanaenda kama kawaida. Basi simu yako imefungwa mtandao: aliyeiuza aliiwekea sharti kwamba isipokee laini ya kampuni nyingine.

Sababu yake ni biashara tu. Kampuni ya simu inapokuuzia kifaa kwa bei ya chini au kwa malipo ya kidogo kidogo, inategemea kurudisha fedha zake kupitia bili zako za baadaye, na kufuli hilo ndilo dhamana yake. Simu yenyewe ni nzima. Ina uwezo wa kuongea na mitandao mingine tangu ilipotoka kiwandani, ila imekatazwa.

Kulifungua si kazi ngumu, na mara nyingi ni bure. Fedha nyingi ninazoona watu wakipoteza kwa mafundi na kwenye tovuti za kuuza misimbo, yaani namba za siri za kufungulia simu, zinapotea kwa sababu mtu hakujua ni kufuli lipi anapambana nalo. Kwa hiyo nitakaa kidogo hapo kabla ya kuendelea.

Hatua ya 1: Jua ni kufuli lipi

Azima laini ya mtu, ya kampuni tofauti na iliyouza simu, ambayo una uhakika inapiga na kupokea. Usijaribu kwa laini yako mpya peke yake, maana huenda haijasajiliwa au haijawashwa na ukailaumu simu bure. Zima simu, toa kitrei cha laini kwa pini yake, weka laini ya kuazima, washa. Kisha fanya kinyume: laini yako mpya iweke kwenye simu ya mwenzako. Ikikubali kule, na simu yako ikakataa laini zote mbili, jibu umelipata.

Kwenye simu nyingi za Android utaona maneno "SIM network unlock PIN" na chini yake kisanduku cha kuandika namba. Kwenye iPhone hutokea "SIM Not Supported" au "SIM Not Valid". iPhone inakurahisishia zaidi, kwani huhitaji hata laini ya kuazima: ingia Settings, kisha General, kisha About, teremka hadi palipoandikwa "Carrier Lock". Ukikuta "No SIM restrictions", simu iko huru na shida yako iko kwingine.

Sasa yale makufuli mengine yanayochanganywa na hili.

Kuna PIN ya laini. Hii ni namba fupi inayolinda kadi yenyewe, haihusiani na simu. Ukikosea mara tatu, laini inadai PUK, ambayo ina tarakimu 8, na ukikosea PUK mara kumi laini inakufa moja kwa moja. PUK inatolewa na kampuni ya laini, na mara nyingi imechapwa kwenye kile kikadi cha plastiki ulichobandulia laini. Mtu akiandika PUK mahali pa msimbo wa kufungua mtandao hapati kitu, anapunguza tu nafasi zake za kujaribu.

Kuna kufuli la akaunti. Simu iliyofutwa bila mwenyewe kutoka kwenye akaunti yake ya Google au ya Apple itadai barua pepe na nywila ya mmiliki wa kwanza. Hilo linafunguliwa na mmiliki huyo. Kampuni ya simu haina ufunguo wake.

Kuna simu za mkopo zinazojifunga kioo kizima malipo yakichelewa. Hizo zina programu ya mkopeshaji ndani, nayo huondoka deni likiisha.

Na kuna simu iliyoingizwa kwenye orodha ya vifaa vilivyozuiwa kwa sababu iliripotiwa kuibwa au kupotea. Hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa mnunuzi wa simu iliyotumika. Inaweza kuwa haina kufuli lolote la mtandao, inasoma laini, lakini haishiki mtandao. Kuifungua mtandao hakusaidii chochote, kwa sababu katazo halimo ndani ya simu. Liko kwenye mitambo ya makampuni, limeandikwa kwa namba ya kifaa. Dawa yake ni risiti yako na aliyekuuzia.

Hatua ya 2: Usivunje mkataba kabla ya kuomba

Watu wengi huhamisha namba yao kwanza, halafu ndipo wanakumbuka simu. Namba ikishahama, akaunti yako kwa kampuni ya zamani kwa kawaida inafungwa siku hiyohiyo. Ukipiga huduma kwa wateja unaulizwa namba ya akaunti ambayo haipo tena, unathibitishwa kwa ujumbe mfupi unaotumwa kwenye laini uliyokwisha kuitupa, na mhudumu hana pa kukuwekea ombi. Haimaanishi hutafunguliwa. Makampuni mengi hufungulia hata wateja wao wa zamani, ila utazunguka sana.

Mpangilio mzuri ni huu: lipa deni lililobaki la simu, omba ifunguliwe, jaribu laini ngeni uone imekubali, ndipo uhamishe namba. Kama umekwisha kuhama, usikate tamaa. Tafuta bili ya zamani au risiti ya ununuzi, hiyo ndiyo itakayosimama badala ya akaunti.

Hatua ya 3: Andaa namba ya IMEI

Kila simu ina namba ya utambulisho ya tarakimu 15 iitwayo IMEI. Bonyeza *#06# kama unayepiga simu nayo itajitokeza yenyewe kabla hujagusa kitufe cha kupiga. Kama kioo hakifanyi kazi, itafute kwenye boksi, au kwenye kitrei cha laini kwa baadhi ya simu.

Simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Ombi hujazwa kwa ile ya kwanza, lakini ya pili nayo iwe karibu. Ukiona pia namba ndefu ya tarakimu 32 inayoitwa EID, iache; hiyo ni ya laini ya kidijitali, yaani eSIM. Na linganisha IMEI ya kwenye kioo na ya kwenye boksi. Tarakimu 8 za mwanzo hutaja aina ya simu, hivyo zikitofautiana kabisa, boksi hilo ni la simu nyingine, na hapo una maswali ya kumwuliza aliyekuuzia.

Iandike kwenye karatasi. Kuisoma kwenye simu huku umeiweka sikioni unaongea na mhudumu ni kazi ya sarakasi.

Hatua ya 4: Omba kwa aliyefunga

Omba kwa kampuni iliyouza simu ikiwa imefungwa. Kampuni mpya uliyohamia haina ufunguo, na mtengenezaji wa simu kwa kawaida atakurudisha kwa muuzaji. Apple wenyewe wanasema wazi kwamba ni kampuni ya simu tu inayoweza kuifungua iPhone.

Kama simu ulinunua mkononi na hujui ilifungwa na nani, angalia nembo inayotokea simu inapowaka, au programu zilizokuja nazo zisizofutika. Fundi mwaminifu au tovuti ya kukagua IMEI inaweza pia kukutajia kampuni hiyo. Kulipia kujua imefungwa na nani si vibaya. Kulipia kufunguliwa kabla ya kujua hilo ndiko kunakoumiza.

Ombi huwekwa kwenye tovuti ya kampuni, kwenye programu yao, dukani, au kwa kupiga huduma kwa wateja. Watataka jina lililo kwenye akaunti, namba ya simu, IMEI na anwani ya barua pepe. Watakagua mambo yaleyale karibu kila mahali: deni la kifaa limelipwa? muda wa chini wa kutumia mtandao wao umetimia? simu haijaripotiwa kuibwa? Kama wewe ni mmiliki wa pili, huenda wakataka mmiliki wa kwanza aombe mwenyewe. Ndiyo maana ukinunua simu kwa mtu ni vyema ubaki na mawasiliano yake.

Mhudumu akisema ombi limekubaliwa, omba namba ya kumbukumbu au barua pepe. Jibu la mdomo halitakusaidia wiki ijayo.

Hatua ya 5: Ingiza msimbo, kwa utulivu

Kwa Android nyingi utatumiwa namba ya siri ya tarakimu 8 au zaidi, hata 16. Weka laini ya kampuni mpya, washa, subiri kisanduku kitokee, andika, thibitisha. Sekunde chache baadaye simu itakuambia imefaulu, na vijiti vitapanda.

Utulivu ninaousema ni huu. Simu haikupi nafasi za kujaribu bila kikomo. Nyingine zinaonyesha idadi iliyobaki, nyingine zinanyamaza. Mimi nilijifunza kwa njia ya gharama: nilinunua simu iliyotumika, kisanduku kikatokea, nami nikaanza kubahatisha. Nikaandika sifuri nne. Nikaandika 1234. Nikajaribu PUK ya laini yangu, nikijiona mjanja. Nilipopata msimbo wa kweli wiki mbili baadaye, nikauandika taratibu, tarakimu moja moja, simu ikakataa. Nikaurudia, ikakataa. Msimbo ulikuwa sahihi kabisa, lakini kufuli lilikuwa limekwisha kuganda kwa majaribio yangu ya mwanzo.

Simu ikifika hapo, hasa Samsung, inahitaji msimbo wa pili wa kuyeyusha kufuli kabla ule wa kwanza haujakubalika. Ukiomba kampuni ikutumie misimbo, uliza kama upo na huo wa kuyeyusha. Ukitumiwa namba mbili katika barua moja, usizichanganye: simu iliyoganda huanza na wa kuyeyusha, kisha ndipo wa kufungua mtandao. Kwenye baadhi ya simu, baada ya kuweka wa kuyeyusha kioo hudai kwamba umekosea. Usishtuke, weka wa pili.

Angalia pia usisome 0 kama herufi O. Msimbo wa mtandao ni namba tupu.

Baadhi ya Android hazina msimbo kabisa. Kampuni ikishakubali, unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya mitandao ya simu, unatafuta palipoandikwa "Network unlock", au unafungua programu ya kufungulia iliyokuja na simu. Unachagua kufungua moja kwa moja, simu inawasiliana na mitambo yao kupitia Wi-Fi, kisha unaizima na kuiwasha.

Kwa iPhone

Hapa hakuna namba ya kuandika. Kampuni ikikubali, inamwarifu Apple, na IMEI yako inabadilishwa hali kwenye mitambo ya Apple. Kazi yako ni kuifanya simu ikaulize upya. Unganisha Wi-Fi, zima, weka laini ya kampuni nyingine, washa, pitia hatua za mwanzo. Mara nyingi inatosha.

Kama huna laini nyingine, au imegoma, hifadhi nakala ya data zako zote, futa simu, kisha irudishe kutoka kwenye nakala hiyo. Kwa iPhone, kufuta kunasaidia kwa sababu inalazimika kujisajili upya na kupokea hali mpya. Kwa Android iliyofungwa, kufuta hakuondoi kufuli la mtandao hata kidogo. Utapoteza picha zako na kufuli likabaki palepale.

Ukishamaliza rudi kwenye "Carrier Lock" ukasome. Ikiwa bado imeandikwa imefungwa baada ya siku kadhaa, ile barua ya kukubaliwa ndiyo ya kuwaonyesha.

Ukikataliwa

Uliza sababu mahususi. "Mfumo haukubali" si sababu. Deni? Muda? Jina halilingani? Kila moja ina dawa yake, na hizo tatu ndizo nyingi.

Jua pia sheria za mahali simu ilipouzwa, kwa sababu zimebadilika sana. Kanada, tangu Desemba 1, 2017, makampuni yanatakiwa kuuza simu zisizofungwa, na mteja mwenye simu iliyofungwa anafunguliwa bure. Uingereza ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2014 inayomruhusu mwenye simu kuifungua na kusaidiwa na mtu mwingine kufanya hivyo, ingawa makampuni bado yana masharti yao ya muda na deni. Simu yako ikiwa imetoka katika nchi kama hizo, kutaja sheria yenyewe kwenye barua ya malalamiko hufanya majibu yaje haraka.

Kuhusu fundi na tovuti za misimbo. Wapo wanaofanya kazi halali: wananunua misimbo kwa jumla na kukuuzia kwa IMEI yako. Lakini "programu ya bure ya kukokotoa msimbo" kwa simu ya leo ni uongo. Ilikuwa kweli kwa baadhi ya simu za Nokia za zamani, ambazo msimbo wake ungeweza kukokotolewa kutokana na IMEI, na sifa hiyo ndiyo inayouza uongo mpaka leo. Kinachopakuliwa siku hizi ni virusi, au fomu za kujaza zisizokwisha.

Kwa iPhone kuna pia kijikaratasi chembamba chenye chipu kinachobandikwa chini ya laini ili kuihadaa simu. Kinafanya kazi mpaka siku utakaposasisha programu, halafu unarudi ulikoanzia. Ukiuziwa iPhone inayoambiwa imefunguliwa, toa kitrei utazame kama kuna kitu cha ziada kimebanwa na laini. Na fundi akikuambia lazima aflashi simu (aipakie mfumo upya) au aiweke ruti (ajipe ruhusa zote za mfumo wake) ili kuifungua mtandao, muulize kwanza data zako zitakwenda wapi.

Imefunguka, lakini intaneti haipo

Hili hutokea sana na halina uhusiano na kufuli. Simu inapiga, inapokea, ila data haiendi. Bado imeshika APN ya kampuni ya zamani, yaani jina la mlango wa kupitia kwenda intaneti. Ingia kwenye mipangilio ya mitandao ya simu, fungua APN, ongeza mpya kwa jina ulilopewa na kampuni uliyohamia, hifadhi, kisha uichague. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika: watu wanahifadhi bila kuchagua. Kwenye iPhone, kama sehemu ya APN haionekani au haibadiliki, tafuta wasifu wa kampuni ya zamani ndani ya Settings, General, "VPN & Device Management", uufute.

Kama data inaenda lakini ukipiga simu inakatika au inashuka hadi 2G, angalia kama simu za sauti kupitia 4G, yaani VoLTE, zimewashwa. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni fulani huweza kukosa mpangilio wa VoLTE wa kampuni nyingine, na hilo linarekebishwa kwa kusasisha programu au halirekebishiki.

La mwisho ni masafa. Simu iliyotengenezewa soko la Marekani inaweza kukosa bendi ya 20 ya megahezi 800 au bendi ya 28 ya megahezi 700, ambazo mitandao mingi kwingineko hutumia kufika mbali na kupenya kuta. Matokeo yake unapata mtandao mzuri nje, ukiingia ndani unapotea. Hakuna msimbo wa kuponya hilo. Tafuta namba kamili ya modeli ya simu yako, linganisha bendi zake na za kampuni unayohamia, na ufanye hivyo kabla ya kuhamisha namba.

Ukitaka eSIM badala ya laini ya plastiki, utaratibu wa kufungua ni uleule. Simu iliyofungwa inakataa eSIM ya kampuni nyingine vilevile, kwa hiyo kuchanganua kile kijimraba cha QR hakulikwepi kufuli.

Na ile laini uliyoazima, irudishe kwa mwenyewe. Mimi nilikaa na ya jirani siku nne, akawa anapigiwa na watu wanaomdai nikipokea mimi.